Je, Wajua? Kuchangisha Bila Kumvua Mtu Nguo

Je, wajua taka za Bujumbura zinalala wapi? Zinalala Buterere, kaskazini mwa jiji, upande wa uwanja wa ndege wa Melchior Ndadaye. Mgeni anayeshuka na ndege huwa karibu zaidi na jalala letu kuliko na hoteli yake. Mabwawa ya kusafishia maji machafu ya jiji nayo yako hukuhuku. Ukisikia mtu anasema Buterere hakuna kitu, mwambie kila kitu cha Bujumbura mwisho wake ni Buterere.

Lori likimwaga, akina mama na vijana wanaingia kabla vumbi halijatulia, kila mmoja na kiroba chake: chupa za plastiki, vipande vya chuma, makaa yaliyozimwa kabla hayajaisha. Na mara mojamoja hufika gari safi lenye watu wa kamera. Siku moja mwenyeji wa gari hilo nilikuwa mimi. Nilikuwa mweka hazina wa chama kidogo cha mtaa, na tulitafuta pesa za kuwasomesha watoto wa waokotaji. Mama mmoja alipoiona kamera akatupa mgongo. Nikamsihi. Akaniuliza bila kugeuka, "Mwanangu, hiyo picha ikienda, itarudi na nini?"

Sikuwa na jibu. Safu ya leo inatokana na swali lake.

Je, wajua mashirika ya misaada ya Ulaya yalijiandikia kanuni za picha na ujumbe mwaka 1989, kisha yakaziandika upya mwaka 2006? Kwa ufupi zinasema: linda utu wa mtu, mwombe ruhusa, usimfanye kioja, na ueleze umaskini unatoka wapi badala ya kuonyesha machozi peke yake. Mwaka 1989! Wimbo wa Band Aid ulitoka 1984, tamasha la Live Aid likafanyika 13 Julai 1985. Ilipita miaka kadhaa ya nzi machoni pa mtoto wa Ethiopia kabla watu hawajakubaliana kwa maandishi kwamba mtoto yule ana jina na ana wazazi.

Na ruhusa yenyewe wajua ni nini? Kidole gumba kwenye karatasi ya Kifaransa ambayo mama hawezi kuisoma si ruhusa. Ruhusa ni kumweleza kwa Kirundi au Kiswahili picha inakwenda wapi, nani ataiona, itakaa huko kwa muda gani. Kumwambia kwamba akikataa, mtoto wake hafutwi kwenye orodha. Kisha kumpa nafasi ya kufikiri usiku mmoja. Kwa mtoto, unauliza mara mbili, mzazi na mtoto mwenyewe. Picha ikishapigwa, mwonyeshe. Utashangaa watu wanachokataa: wengi hawakatai kuonekana maskini, wanakataa kuonekana wachafu. Mpe dakika tano anawe uso na abadili kitenge. Mfadhili atakayelalamika kwamba mama yako hajachafuka vya kutosha, huyo muache aende zake.

Je, wajua Novemba 2012 Wanorwe walichangiwa vikanza vya kupashia nyumba joto na Waafrika? Ilikuwa dhihaka. Wanafunzi wa Norway kupitia shirika lao la SAIH walitengeneza video ya wimbo ambamo Waafrika wanawahurumia Wanorwe kwa baridi yao na kuwakusanyia vikanza. Ulimwengu ukacheka, kisha wachangishaji wengi wakanyamaza kidogo, kwa sababu walijiona ndani yake.

Lakini huruma ina hesabu zake, na mchangishaji asiyezijua atabaki na bakuli tupu. Je, wajua habari ya Rokia? Mwaka 2007 watafiti Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walichapisha jaribio lao la Marekani. Watu walipewa dola 5 kisha wakaulizwa wangependa kutoa kiasi gani kwa wenye njaa Afrika. Waliosomewa takwimu za mamilioni ya wenye njaa walitoa wastani wa dola 1.14. Walioonyeshwa msichana mmoja wa Mali, Rokia, mwenye miaka 7, walitoa dola 2.38. Sasa sikiliza kiroja: waliopewa Rokia pamoja na takwimu walitoa dola 1.43 tu. Takwimu zilimfunika mtoto.

Wengi wakisikia hayo hukimbilia kutafuta mtoto wa kulia. Mimi naona fundisho jingine. Msomaji anahitaji mtu mmoja, ila hakuna aliyesema mtu huyo lazima awe mtoto, wala lazima alie. Mama wa jalalani anayejua bei ya kilo ya plastiki, anayejua lori lipi linatoka hotelini na lipi linatoka sokoni, ni mtu mmoja kamili. Andika anachofanya kwanza, kisha anachokosa. Takwimu zako ziweke kiambatishoni, mhasibu wa mfadhili atazikuta huko.

Yatima naye ni mtu kamili: Marguerite Barankitse, aliyeanzisha Maison Shalom huko Ruyigi mwaka 1993 kwa watoto waliobaki peke yao baada ya mauaji, hakuishia kwenye uji na blanketi. Alijenga sinema. Akajenga na bwawa la kuogelea. Mwaka 2016 alikuwa mtu wa kwanza kabisa kupewa Tuzo ya Aurora, iliyokuja mwaka huo na dola 100,000 za mshindi na dola milioni 1 za kuyagawia mashirika aliyoyachagua. Bwawa la kuogelea kwa yatima! Jaribu kuliandika hilo kwenye andiko la mradi uone watakavyokuandikia pembeni kwa wino mwekundu.

Je, wajua sarufi yetu inajua kuchangisha kuliko washauri wengi? Kuchanga kwanza, kuchangisha baadaye. Kitenzi cha pili kimezaliwa na cha kwanza. Kamati nyingi huzaa mtoto kabla ya mama. Wajumbe kumi na moja wanatia sahihi barua ya kuomba, na hakuna hata mmoja aliyetoa faranga mia. Mfadhili mzoefu huuliza swali moja tu: nyinyi wenyewe mmeweka ngapi? Siku tulipoulizwa, tulitazamana. Mwenyekiti akakohoa. Tukapitisha sahani palepale mezani, ikarudi na faranga 34,000, na huo ndio ukawa mstari wa kwanza wa bajeti yetu.

Mchango si lazima uwe noti. Deogratias Niyizonkiza, mwanzilishi wa Village Health Works kule Kigutu, kusini mwa nchi, amesimulia mara nyingi habari ya barabara yao. Kilomita 6 za kufika penye zahanati, na mkandarasi alitaka si chini ya dola 50,000. Hawakuwa nazo. Wanakijiji wakatoka na majembe yao, wanawake wenye watoto mgongoni wakiwemo, barabara ikapita. Dola zile hazikutafutwa tena.

Kazi kama hiyo huingia kwenye bajeti, kwa jina la mchango wa jamii. Namna ya kuihesabu ni rahisi: watu 40 kwa siku 6 ni siku-kazi 240, zidisha kwa ujira wa kibarua wa siku katika mtaa wako. Ila weka orodha ya majina na sahihi za kila siku. Bila orodha, mkaguzi atasema barabara ilichimbwa na malaika.

Msalaba Mwekundu wa Burundi umejengwa hivyohivyo. Watu wake wa kujitolea wako kilima kwa kilima, laki kadhaa, wanaolima shamba la mgonjwa na kuezeka nyumba ya ajuza kabla gari lolote halijatoka Bujumbura. Pesa ya nje ikija inakuta kazi inaendelea.

Wajua kirimba? Wakongo wanaiita likelemba, Watanzania upatu, Wakenya chama. Kila mtu wa Buterere anaijua. Ile ya sanduku, yenye kuweka na kukopeshana, ina historia yake: shirika la CARE liliianzisha Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, na hapa kwetu ikaenea kwa jina la Nawe Nuze, yaani wewe pia njoo. Sanduku lina kufuli 3, na funguo 3 ziko kwa watu 3 tofauti ambao si wenye kutunza sanduku. Hakuna anayeweza kuiba peke yake. Wezi wanne lazima wafanye mkutano kwanza. Kwenye ofisi zenye viyoyozi hilo huitwa udhibiti wa ndani na hufundishwa kwa siku tatu pamoja na chai. Mama zetu wanalifanya chini ya mwembe.

Sanduku nalo lina udhaifu wake. Juni 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilitangaza kuziondoa noti za 5,000 na 10,000 za toleo la 2018, na watu wakapewa siku 10 kuzirudisha. Wenye masanduku walijua siku hizo zilivyo fupi. Pesa ya kazi iliyo karibu ikae sandukuni, iliyobaki ipelekwe kwenye akaunti.

Na akaunti iwe ya nani? Ya chama, yenye sahihi mbili au tatu. Nasema hivi kwa sababu siku hizi watu wanachangishana kwa Lumicash na Ecocash, na namba inayotolewa ni ya katibu. Katibu ni mwaminifu, hakuna shaka. Lakini katibu ana shemeji, shemeji ana mgonjwa, na simu haijui kutofautisha pesa ya mgonjwa na pesa ya chama. Tenga laini moja ya michango, iandikishwe kwa ajili hiyo, na kila Ijumaa salio lisomwe mbele ya watu wawili.

Simu ikitumiwa vizuri ni mtambo. Julai 2011, ukame ulipoibana kaskazini ya Kenya, Safaricom, benki ya KCB, wamiliki wa vyombo vya habari na Msalaba Mwekundu wa Kenya walianzisha Kenyans for Kenya, wakalenga shilingi milioni 500 kwa wiki 4. M-Pesa ilikuwa na umri wa miaka minne tu. Lengo lilipitwa kabla ya wiki nne kwisha.

Kenya hiyohiyo iliyotupa neno harambee ilibidi iliwekee kizuizi: Sheria ya Maadili ya Maofisa wa Umma ya mwaka 2003 ilimkataza ofisa kutumia cheo chake kuchangisha watu. Ombi la mkubwa ni amri iliyovaa kanzu. Ukitaka kujua kama mchango wako ni wa hiari, tazama kama mtu anaweza kusema hapana na kesho akahudumiwa kaunta ileile.

Je, wajua Mtume Paulo alikuwa mchangishaji? Nyaraka zake kwa Wakorintho zinaonyesha akikusanya michango ya kuwasaidia maskini wa Yerusalemu, na hakukubali kuibeba peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine waliochaguliwa na makanisa, ili asilaumiwe na mtu kuhusu pesa. Huyo ni Paulo. Wewe na mimi ni nani tubebe bahasha peke yetu?

Na Waislamu wenzangu wa Buyenzi wananikumbusha jambo ambalo wafadhili wengi hawajaliona: Kurani inataja mafungu 8 ya wanaostahili zaka, na la tatu kutajwa ni wale wanaoikusanya. Anayefanya kazi ya kukusanya ana haki ya ujira. Ndiyo sababu nakasirika nikisikia mtu anajisifu kwamba shirika lake linapeleka asilimia 100 kwa walengwa. Nani analipa umeme? Nani anaandika daftari? Umoja wa Ulaya katika ruzuku zake huruhusu hadi asilimia 7 ya gharama zisizo za moja kwa moja. Serikali ya Marekani kwa miaka kumi iliwapa asilimia 10 wale wasio na kiwango chao walichokubaliana, na Oktoba 2024 ikapandisha hadi 15. Chama kisichoomba kitu cha ofisi huishia kukichukua kwenye mstari wa madaftari ya watoto, na hapo ndipo uongo wa kwanza unaandikwa kwenye ripoti.

Lakini tofautisha mshahara na kamisheni. Hapa mjini kuna vijana wenye kompyuta wanaosema, "Nikuandikie mradi, ukipita unipe asilimia kumi." Chama cha wachangishaji weledi cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1960, kinawakataza wanachama wake malipo ya namna hiyo, na waliokutana Uholanzi mwaka 2006 kuandika kanuni za maadili za kimataifa walikubaliana hivyohivyo. Sababu ni ya sokoni kabisa. Anayelipwa kwa asilimia ataahidi chochote ili mradi upite. Kutimiza kunabaki kwako. Mlipe kwa siku zake za kazi, upite usipite.

Je, wajua kadre lojiki, lile jedwali la miraba linalowatesa watu wetu, ilitengenezwa mwaka 1969 kwa ajili ya USAID, shirika la misaada la Marekani? Waliitaka kwa sababu miradi yao ilikuwa na malengo mengi yasiyopimika na hakuna aliyejua nani anawajibika kwa nini. Ukiisoma kutoka chini kwenda juu ni sentensi moja tu: tukifanya hivi, tutapata kile, na kile kikipatikana, hili litabadilika, endapo mvua haitaharibu. Safu ya mwisho, ya masharti na hatari, ndiyo watu huijaza mwishoni wakiwa wamechoka. Buterere ianze na hiyo. Mvua ni jirani yetu wa kila msimu. Aprili 2020 mto Rusizi ulipofurika na kuizamisha Gatumba, walioandika "hakuna hatari" kwenye miradi ya tambarare hii walipata aibu.

Bajeti nayo? Andika kwa faranga, andika na kiwango cha kubadilishia pamoja na tarehe. Mei 2023 Benki Kuu ilishusha thamani ya faranga, na dola rasmi ikaruka kutoka 2,000 na kitu hadi 2,800 na kitu. Ya mtaani ilikuwa juu zaidi hata kabla ya hapo. Mwenye bajeti ya dola bila tarehe alijikuta ana maswali mawili: faida ni ya nani, na bei za sokoni zilizopanda pamoja nayo atazilipa nani. Zungumza na mfadhili kabla, mwandikiane. Mstari wa usafiri nao usiuandike kwa mazoea. Mwaka 2024 mafuta yalipoadimika, watu walitoka Buterere hadi katikati ya jiji kwa miguu, na nauli ya kwenye bajeti ikabaki hadithi.

Sasa kosa letu wenyewe, lisilo na wa kumlaumu. Tangazo moja la ruzuku lilisema mwisho wa kupokea maombi ni saa 11 jioni, saa za Nairobi. Sisi tukasoma saa 11. Nairobi iko mbele yetu kwa saa moja. Saa 10 na nusu ya Bujumbura, tunapuliza chai huku intaneti inapandisha kiambatisho cha mwisho, ukurasa ulikuwa umeshafungwa kwa nusu saa. Kazi ya miezi miwili. Na wajua Brussels? Wakati wa kiangazi chao saa zao na zetu ni sawa. Majira yao ya baridi yakiingia, sisi tunakuwa mbele kwa saa moja. Nimeliandika hilo kwa chokaa juu ya mlango wa ofisi. Bora zaidi ni kutuma siku mbili kabla, lakini hilo nimelisema miaka yote na sijaliona likitokea.

Kabla ya andiko kuna makaratasi. Sheria ya vyama visivyo vya faida ya Januari 2017 inataka chama kiwe kimesajiliwa, na mfadhili atataka kuona usajili huo, katiba, namba ya mlipakodi na taarifa ya benki. Weka nakala zote kwenye bahasha moja, na bahasha ya pili kwa jirani mwenye nyumba isiyoingia maji.

Je, wajua kigoda cha mguu mmoja kinaangukaje? Machi 2016 Umoja wa Ulaya ulisimamisha msaada wake wa moja kwa moja kwa serikali ya Burundi, na haukuliondoa zuio hilo hadi Februari 2022. Januari 2025 Marekani ikagandisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai USAID ikawa haipo tena. Watu waliokuwa na bayeri mmoja, kama tunavyowaita wafadhili hapa mjini, walifunga ofisi ndani ya wiki moja. Mwenye kirimba, wanachama wanaolipa kila mwezi, ndugu wawili watatu walioko ughaibuni na shamba dogo la mboga aliumia, ila alifungua asubuhi.

Mtaani kuna shule ya kushukuru pia. Kirundi kinaiita gutwerera, ule mchango wa harusi. Kamati ina daftari: jina, kiasi, tarehe. Mwaka ukifika wa mwanao, unafungua daftari lako uone fulani alikupa ngapi. Hiyo ni orodha ya wafadhili iliyo bora kuliko programu nyingi za kompyuta, kwa sababu inakumbuka pande zote mbili.

Mwaka 1885 Wamarekani walikosa pesa za kujengea kitako cha Sanamu ya Uhuru. Mwenye gazeti Joseph Pulitzer akaahidi kuchapisha jina la kila atakayetoa, hata awe ametoa senti. Zaidi ya watu 120,000 walitoa, wengi wao chini ya dola moja, na zaidi ya dola 100,000 zikapatikana. Kila mmoja alilitafuta jina lake gazetini.

Nami nilijifunza hilo vibaya. Kwenye mkutano wetu wa kufunga changizo la vitabu nilisoma majina ya waliotoa kuanzia faranga 5,000, kisha nikasema "na wengineo wengi". Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akanyanyua mkono. "Mweka hazina, mimi ndiye wengineo?" Alikuwa ametoa 500. Nilirudi mwanzo wa daftari nikasoma majina yote 86, jua likazama, hakuna aliyeondoka. Msimu uliofuata alitoa 1,000. Mimi tangu siku hiyo natoa asante ndani ya siku mbili, kwa jina, na kiasi kilekile kilichotolewa kikitajwa, na baada ya miezi mitatu narudi kusema kilifanya nini kabla sijafungua mdomo kuomba tena.

Habari mbaya nazo zipelekwe mapema. Bei ya madaftari ilipopanda tukiwa katikati ya mradi, nilimwandikia mfadhili siku ileile na ankara mbili, ya zamani na mpya. Akaturuhusu kuhamisha pesa kutoka mstari wa semina. Semina ikafa, hakuna aliyeililia. Mikataba mingi inakuruhusu kuhamisha kiasi fulani kati ya mistari. Isome kwanza, halafu uhamishe. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wakubwa, na daftari lenyewe lisipofunguliwa mbele ya watu ni kama halipo.

Yule mama wa jalalani? Hatukuitumia picha ya uso wake, maana hatukuwa nayo. Andiko lilikwenda na picha ya mikono yake tu, imeshika mizani ya kupimia plastiki, na alichagua mwenyewe mkono upi uwe juu. Pesa ilipokuja, faranga 1,300,000 kwa muhula wa kwanza, nilimpelekea nakala ya barua na nikamsomea. Akafungua fundo la kitenge, akatoa faranga 200, akasema na yeye anachangia. Nikamwandikia risiti. Kitabu cha risiti ni ghali, kila karatasi ina gharama yake, mwenyekiti akaniangalia. Nikaandika hivyohivyo, na nakala ya kaboni chini yake.

Mkutano wa mwisho wa muhula alikuja akiwa na ile risiti mkononi, imekunjwa mara nne. Hajui kusoma, lakini anajua iko upande gani. Alingoja mpaka wenye suti wamalize, akasimama.

"Baba mweka hazina, kwenye ile milioni na laki tatu, na mia mbili yangu, imebaki ngapi?"

Nikafungua daftari.